Hapa Ndipo Madame Alipocheza

Siku yangu ya kwanza redioni nilikatazwa kukohoa. Nilikuwa nimevaa suruali aliyonishonea baba, fundi nguo aliyetoka Maniema, nimeipiga pasi mara mbili nikidhani watakagua mavazi. Wapi! Shefu wa Diskoteki, Mbelgiji mzee aliyesema Kiswahili chetu cha Élisabethville kama mtu anayetafuna wali wenye mawe, alifungua mlango wa chumba kisicho na dirisha akasema, "Humu muntu hakohoe. Ukisikia kikohozi inakuja, toka inje, kohoa, rudi." Nikaitika. Nilikaa mle karibu miaka kumi.

Ninyi vijana mkisikia diskoteki mnafikiria bia. Kwetu ilikuwa ghala la santuri. Kazi yangu ilikuwa kupangusa kila santuri kwa kitambaa cha flaneli, kuisikiliza yote tangu mwanzo hadi mwisho, kisha kujaza fishi, yaani kadi yake: nani anasema, kwa dakika ngapi, na chini kabisa kulikuwa na mstari wa kasoro. Humo niliandika mikwaruzo, vikohozi, mlango uliofungwa vibaya. Kama hukuisikiliza yote, Shefu alijua. Sijui alijuaje, lakini alijua.

Wenzangu waligombania santuri za magitaa. Mimi, kwa kuwa mgeni, nilisukumiwa masanduku yaliyotoka Ulaya: mahojiano ya zamani na wachezaji mashuhuri wa bale na makoregrafu wao. Bale ni ngoma ya jukwaani ambayo watu hawasemi neno, na koregrafu ndiye anayeitunga hatua kwa hatua. Mahojiano hayo yalipigwa Jumapili mchana kwa ajili ya Wazungu wa mjini. Mimi bale sikuwa nimeiona hata siku moja. Teatri ilikuwa yao, na jioni sisi tulitakiwa tuwe tumesharudi katika mitaa yetu. Basi nikawa najua nani alivunjika kidole cha mguu, nani alimwogopa mwalimu wake mpaka uzeeni, nani alilia siku magoti yalipomkataa, na sikujua hata mmoja wao anasimamaje.

Nilirudi nyumbani kwa baiskeli, mtaa wetu ulioitwa Kenya, kichwa kimejaa watu hao, na sikuwa na wa kumwambia. Nilijaribu na mke wangu, Zaina.

"Baba Saidi, leo ulisikiliza nani?"

"Mama mumoja wa bale. Anaeleza namna alikuwa anaruka."

"Muntu wa kucheza anaeleza nini tena? Acheze tu, bantu baone!"

Majirani wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini iliniuma, sitaficha. Nyumba ilikuwa imejaa watu, watoto, shemeji, wageni wa Kasongo, na mimi nilikaa katikati yao kama mtu aliyetoka nchi ambayo hakuna mwingine aliyefika. Nilitaka mtu mmoja tu aone ninachokiona. Sikuomba kingine.

Maana nilikuwa nimeanza kuona. Kila mchezaji, alipofika pahali pa kueleza mruko au mzunguko, kiti chake kililia. Kililia kabla ya neno, kila mara. Mdomo ulikuwa bado unatafuta maneno, mwili umeshaondoka. Nilimweleza Shefu.

"Kiti iko kasoro," akasema. "Andika."

Niliandika "kelele ya kiti" mpaka mkono ukazoea. Watu wengine wangekuwa wanaorodhesha makosa. Mimi nilikuwa naorodhesha ngoma yenyewe, na nilikuwa peke yangu.

Baadaye nilipandishwa, nikawekwa kwenye ukataji wa mikanda chini ya Shefu wa Studio, kijana mwenye haraka, mwenye miwani. Mkanda ulikatwa kwa wembe, tena kwa mshazari, kwa sababu ukikatwa wima msikilizaji husikia "tak". Na kila chumba kina ukimya wake. Kwa hiyo baada ya kila mahojiano tulinyamaza sote, tukarekodi chumba kitupu kwa dakika moja, ili ukikata maneno upate kipande cha ukimya uleule cha kuzibia. Nilikuwa hodari sana. Hata Shefu wa Studio, ambaye sifa zilimtoka kwa shida, alisema, "Wewe ukikata, hata mwenye kusema hajue."

Ndipo akaja Madame. Alikuwa koregrafu mzee, nywele nyeupe, amepita mjini na kundi lake. Siku hiyo mashine ya kurekodi ilikuwa ndani ya studio, nami nimesimama kando yake. Sheria ilikuwa fundi hasemi. Mtangazaji akataka kumfurahisha mgeni, akamwambia kwamba nyumba yetu ya redio ina mahojiano ya wakubwa wote wa bale, na huyu hapa ameyasikiliza yote. Madame akanigeukia.

"Yote, bwana? Na umewahi kutuona tukicheza?"

"Hapana, Madame."

"Sasa unasikia nini?"

Ningeinamisha kichwa, ingeisha. Lakini kwa miaka yote ile hakuna aliyeniuliza. Nikajibu, "Nasikia kiti, Madame. Mnapotaka kusema mruko, kiti kinalia kwanza. Chako kimelia mara tatu."

Alicheka kicheko cha msichana. Kisha akavua viatu, akasimama katikati ya mbao za studio, akainuka juu ya vidole. Mama wa miaka sabini! Mikono ilipanda polepole, akazunguka mara moja, akashuka, akasogea hatua nne bila kuniondolea macho. Labda nusu dakika. Machozi yalinitoka mbele ya Wazungu, na sioni haya kuyataja. Mkanda ulikuwa unazunguka. Ulichukua swali lake, jibu langu, na miguu yake.

Direkta wa redio aliusikiliza kesho yake. "Fundi hasemi hewani. Kata."

"Na miguu, Bwana Direkta?"

"Nani atasikiliza sakafu? Kata yote."

Shefu wa Studio, kwa kunihurumia, alisema angempa kazi ile mtu mwingine. Nikakataa. Mwingine angekata vibaya. Nikaushika wembe mwenyewe, nikakata kwa mshazari, nikaziba kwa ukimya wa chumba. Mabaki yalikuwa yachomwe Jumamosi, ndiyo desturi. Ningeweza kukitia kile kipande mfukoni. Niliogopa, nikakichoma.

Kwenye fishi niliandika, mstari wa kasoro: "Hapa Madame alicheza." Shefu wa Studio akaifuta kwa wino mwekundu. "Kitu hakisikike, haiko kasoro." Nikaandika kadi mpya. Kasoro: hakuna. Ndio mkanda safi kuliko yote niliyowahi kutengeneza.

Jumapili ukapigwa. Nilikuwa nyumbani, Zaina anachambua maharagwe karibu na redio. Pahali pale palipofika, nikainua kidole.

"Hapa."

"Hapa iko nini? Miye sisikie kitu."

"Hapa Madame alichezaka."

Akaacha maharagwe. Akanitazama, na safari hii hakucheka.

"Ulimuona?"

"Nilimuona."

"Alicheza namna gani? Onyesha."

Watoto walikuwa mlangoni. Shemeji alikuwa uani. Mimi mtu mzima, mfanyakazi wa redio mwenye tai. Nikamwambia, "Ah, achana na ile, ni mambo ya kazi." Akangoja kidogo, kisha akarudia maharagwe yake. Hakuniuliza tena, siku hiyo wala miaka iliyofuata, na mimi sikurudi kulisema.

Nimestaafu zamani. Vijana wa redio hunijia wakitaka niwafundishe namna tulivyokata kwa wembe, nami huwafundisha, wanashukuru, wanaenda zao. Direkta alirudi kwao, mashefu wote wawili wamekufa, na Madame bila shaka. Hakuna niliyebaki naye wa kumwambia, "unakumbuka?" Direkta alinikata mara moja. Mara ya pili nilijikata mwenyewe, mbele ya mtu pekee aliyetaka kuona.

Zaina tulimzika mwaka juzi. Kila asubuhi, nikiwa peke yangu, navua viatu, nashika ukuta, najaribu kuinuka. Visigino havitoki chini tena.