Mtu wa Kugeuza Viti

Papa Abdulhamid hakuwahi kuonja bia maishani mwake, na ndiyo sababu alipewa kazi ya kusimamia baa za mtaa wetu wa Mangobo. Mzungu wa komini, ofisi ya mtaa, alikuwa amechoka na wakaguzi waliokwenda kukagua wakarudi wakiyumba. Akatafuta mtu wa msikitini, akampata huyu: mshonaji wa kofia, mrefu, mpole, mwenye macho yaliyozoea kufuata uzi mwembamba.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho kabla ya uhuru. Kazi yenyewe haikuwa na siri. Kila nyumba ya pombe ilipaswa kutundika ruhusa yake, patente, mahali inapoonekana kutoka mlangoni. Ilipaswa kuwa na choo chenye mlango, na mtoto asionekane ndani. Kete na karata za pesa zilitaka ruhusa ya pekee, na Mangobo hakuna aliyekuwa nayo. Zaidi ya yote, baa ilipaswa kufungwa kwa saa yake.

Namna yake ya kufunga ndiyo iliyomfanya ajulikane. Hakupiga filimbi, hakupaza sauti. Aliingia, akasalimu, akachukua kiti kisichokaliwa, akakigeuza na kukiweka juu ya meza, miguu hewani. Kisha kingine. Wanywaji walitazama miguu ile ikiongezeka mpaka wakaona haya kubaki wameketi.

"Papa Viti anafika, maliza glasi yako," waliambiana, wakacheka. Lakini waliinuka.

Simone, dada mdogo wa mama yangu, alikuwa na baa ndogo nyuma ya soko. Sisi ni watu wa mtoni, Wakristo wa Isangi. Glasi zake zote zilikuwa zimetiwa bia, na alijua kwamba mzee hangezigusa hata zikioshwa namna gani. Akamnunulia kikombe cha bati, akakitundika kwenye msumari juu ya mtungi. Baa ya Simone ilikuwa ya mwisho katika mzunguko wake. Akimaliza viti alipewa maji katika kikombe kile, akanywa, akaenda kusali. Mtu mwingine hakukigusa. Hata sisi watoto tulijua.

Mwaka wa sitini wazungu wa komini waliondoka. Mshahara ukawa unakuja na kupotea, lakini mzee aliendelea na mzunguko wake. Simone alimwuliza anamfanyia nani kazi.

"Mi nilishaona mutu anachomwa kisu nyuma ya saa ya kufunga," akajibu. "Mbele ya ile saa watu wanagombana tu kwa mudomo."

Kulikuwa na kijana kutoka Yanonge, Timothée, aliyekuwa akichezesha kete za pesa katika chumba cha nyuma cha Simone. Papa Abdulhamid alimfungia mchezo ule mbele ya marafiki zake. Alizikusanya kete moja moja, akazitia mfukoni, akageuza kiti cha Timothée kama vingine.

"Bon, papa," Timothée alisema akitabasamu. "Siku moja mimi nitakugeuza wewe."

Wote walicheka, na mzee pia.

Agosti ya mwaka wa sitini na nne waasi waliingia mjini. Walijiita Simba. Walivaa majani ya mtende na ngozi kichwani, na kabla ya kupigana walinyunyiziwa maji ya dawa, wakiamini kwamba risasi itageuka maji. Dawa ile ilikuwa na miiko mingi: usimguse mwanamke, usiangalie nyuma, usile kilichopikwa na fulani. Anayevunja mwiko, dawa inamtoka. Wale vijana waliogopa miiko kuliko bunduki.

Wakubwa wao walitoa amri: kila baa ifungwe saa kumi na mbili jioni. Ikikutwa wazi, mwenye baa atajibu. Wakauliza nani anazijua nyumba za pombe, wakaletewa Papa Abdulhamid. Walimfunga kitambaa chekundu mkononi, wakamrudisha kwenye mzunguko wake.

Muda si mrefu baadaye wapiganaji walikaa kunywa kupita saa kwa Édouard, mwenye baa ya kando ya barabara. Édouard hakuthubutu kuwatoa. Doria ya kikosi kingine ikapita, ikaona mlango wazi. Wanywaji walitoka zao bila kuulizwa kitu. Édouard alipakiwa kwenye kamyoneti kuelekea kambi yao ya Kapalata. Mkewe alipeleka chakula huko, na siku iliyofuata akapeleka tena, mpaka akaambiwa asijisumbue.

Ndipo Timothée aliporudi kwa Simone. Sasa alikuwa kapiteni. Alikaa na watu wake katikati ya baa, wakicheza karata kwa saa za mkono na viatu vilivyovuliwa kwa watu barabarani. Saa sita mchana Simone alitoka kupitia uani, akaenda kumtafuta mzee nyumbani kwake.

"Papa, usikuje kwangu leo. Timothée iko pale. Anakuuliza."

"Na doria ikipita?"

Simone aligeuka kutazama barabara.

"Siku ya Édouard nilifika mpaka kwa mulango," mzee alisema. Alikuwa na kofia magotini, sindano ikiwa imesimama. "Nikaona bunduki imeegemea ukuta. Nikarudi. Rudi kazini, mutoto yangu. Nitakuja."

Akaja jua likishuka. Simone alisikia salamu yake mlangoni, ileile. Mzee akachukua kiti kitupu, akakigeuza juu ya meza. Akachukua cha pili. Karata zikasimama.

"Papa Viti," Timothée alisema. "Bado hujakufa?"

"Bado, kapiteni. Iko saa."

"Saa ya nani?"

"Ya commandement yenu, wale wakubwa. Walisema baa yote."

"Commandement ni mimi."

"Alors doria ikikuja, wewe utawaambia hivyo. Hii mama hatakuwa na kosa."

Timothée alitazama mlangoni. Watu wa doria hawakuwa wa kikosi chake, na kila mtu pale alilijua hilo. Mpiganaji mmoja akainuka kunyoosha mgongo, na mzee, kwa mazoea ya miaka, akakichukua kiti chake papo hapo na kukigeuza. Akainuka mwenzake kupinga. Cha huyo pia kikageuka.

"Kapiteni," wa kwanza akanong'ona, "anageuza viti tulivyokalia."

Simone, kwa woga, akafanya alichokifanya kila jioni: akashusha kikombe cha bati, akachota maji.

"Ile mayi iko ya nini?" mpiganaji akauliza.

"Ya kunywa," Simone alisema.

"Juu ya nini kopo yake iko peke yake? Juu ya nini hakuna mutu anaigusa?"

"Juu yeye ni Mwislamu."

Kwa wapiganaji wale, maji yenye mwiko yalikuwa dawa. Mzee alikunywa akiwa amesimama, kama siku zote. Timothée akainuka taratibu, akakiburuta kiti chake mwenyewe kando ili kisiguswe, akatoka na watu wake. Bado Simone alikuwa anafunga komeo doria ilipopita. Mtu alijaribu mlango kwa kiganja, ukakataa, nyayo zikaenda zao.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na mapigano barabarani, na ndege za vita juu. Wapiganaji wawili wa meza ile hawakurudi. Walikuwa wale wawili ambao viti vyao viligeuzwa.

Wenzao walikuja siku iliyofuata mchana, wakidai mzee ndiye aliyewatoa dawa. Walimleta mzee kutoka kwake mpaka baa, wakamsimamisha Simone kando ya mtungi. Timothée alikaa mlangoni, akiwapa mgongo.

"Hii kopo iko ya nani?" mmoja akamwuliza Simone.

"Yangu," Papa Abdulhamid alisema kabla Simone hajafungua mdomo. "Yeye anachota mayi tu. Nipe, mama."

Simone akachota, akampa. Mzee alikunywa yote, akakipindua kikombe waone kwamba ni kitupu.

"Ni mayi ya kunywa," akasema.

"Mumeona?" yule mtu aliwaambia wenzake. "Dawa inamukubali yeye peke yake."

Wakakichukua kikombe. Wakamchukua na yeye, kwa miguu, upande uleule alikopelekwa Édouard. Alipompita Timothée mlangoni alisema, "Na mi nilikufungia kete tu, Timothée." Timothée alivuta miguu wapite.

Simone hakuulizwa kitu tena. Jioni ile saa kumi na mbili aligeuza viti mwenyewe, na kila jioni baada ya hapo, mpaka jeshi la serikali liliporudi.

Komini ilipofunguliwa tena, ilimtuma msimamizi mpya, kijana mchangamfu mwenye kalamu mfukoni. Aliitazama patente ukutani, akavuta kiti, akaomba bia baridi. Simone akamletea, katika glasi kama za wengine. Usiku ule baa ilibaki wazi.