Saa Takatifu ya Shemasi Machogu

Miaka ya sabini, katika banda la kupokelea majani chai upande wa Nyacheki, muhuri wa saa ulikuwa mikononi mwa Machogu, shemasi wa Sabato na mtu mchafu kuliko wote niliowahi kuwaona wamevaa tai. Wino ukikauka, aliutemea mate. Mate yenyewe ya kijani, maana hakukosa kutafuna jani alilochopoa kwenye kikapu cha mtu.

Kabla ya kupiga kadi ya mkulima, alizungusha vigurudumu vya muhuri: siku, mwezi, saa. Saa aliipiga kwa Kiswahili. Majani yakifika saa nane mchana, muhuri ulisema 8. Kiwandani walisoma saa za Kizungu, na 8 kwao ilikuwa asubuhi. Lori likifika jioni, waliona majani yamelala kutwa, wakayamwaga shimoni yaoze na kunuka kama choo cha soko.

Gesare, mjane, alikuwa amemwagiwa mara mbili. Alionywa kwamba ya tatu ingefuta namba yake ya mkulima.

"Shemasi, nipigie mbili. Kiwandani wanasoma hivyo."

"Sasa ni saa ngapi, mama?"

"Nane."

"Nane! Halafu nipige mbili? Niseme uongo mbele ya Mungu kwa ajili ya kikapu?" Akautemea wino, puu! Utakatifu huo.

Wanawake kwenye foleni wakaguna. Hapo akafika Bonareri, mkewe, na kikapu cha kwanza kabisa kutoka shamba lao changa.

Gesare akampisha. "Pita, dada. Mzee akupigie nane yake takatifu."

Bonareri akakumbatia kikapu. "Nane? Baba Drusilla, haya yangu yaende shimoni? Watoto watakula muhuri?"

Machogu akakohoa. Akalitazama jua kama limemkosea adabu. Kidole chake kinachonata kikasukuma kigurudumu hadi mbili.

"Kiwanda nacho kina desturi zake," akanong'ona, akapiga.

Kabla hajarudisha nane, kadi ya Gesare ilikuwa mezani, na mkono wake juu ya muhuri.

"Na yangu, shemasi. Au Mungu wa Bonareri ni mwingine?"

Akapiga, amenuna. Jioni ile majani ya Gesare yalipokelewa, namba yake ikabaki.

Jumamosi Machogu alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa kumfunulia saa ya kiwanda. Waumini wakaitika amina, wengine kwa machozi. Gesare, ambaye ni Mkatoliki, alikuwa zake shambani akipalilia.