Mama Aliyeniuliza Kama Nilikimaliza Kitabu

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu na mwalimu mwenzangu wa zamani kutoka Kianjokoma, akaniambia kwamba yule mama wa vitabu amefariki. Hakuhitaji kutaja jina. Alikuwa ameugua kifua tangu miezi ya baridi, akalazwa hospitali mjini Embu, akarudishwa nyumbani, na Jumapili, majirani walipokuwa kanisani, akakata roho binti yake akiwa kando ya kitanda. Wasomaji wa safu hii hamkumjua. Alikuwa mjane, mkulima wa chai mwenye mashina machache, aliyeacha shule akiwa darasa la saba. Lakini katika miaka yote niliyokaa hapa nikiwashauri watu wasome nini, sijakutana na aliyeiweza kazi hiyo kuliko yeye, wala hakuna msomaji niliyemkosea kama nilivyomkosea yeye.

Nilimfahamu nilipokuwa nikifundisha Kiswahili katika shule ya upili ya huko. Kituo cha kupimia majani chai kilikuwa chini kidogo ya lango la shule, na kila alasiri wanawake walikaa pale na vikapu vyao wakilisubiri lori la kiwanda, ambalo lilikuja lilipotaka. Siku moja nilipita nikashangaa kwa kimya kilichokuwapo. Wanawake kama kumi na watano walikuwa wamemzunguka mmoja wao aliyesimama na riwaya mkononi, vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa majani. Alisoma ukurasa mmoja kwa Kiswahili, akasimulia mitatu kwa Kiembu, kisha akarudi kusoma. Alipofika mahali ambapo mke anafungua barua na kuutambua mwandiko wa mume aliyemzika, akakifunga kitabu. "Wee! Endelea!" wakampigia kelele. "Aa-a. Mwenye anataka kujua achukue hii kitabu asome mwenyewe." Wawili wakakigombania mpaka kikapu kikapinduka. Hivyo ndivyo alivyopendekeza riwaya. Hakusema ni nzuri. Alikushika mkono akakufikisha mlangoni, akakuacha hapo na hamu yako. Nilipomwuliza huwachaguliaje wenzake vitabu, alinitazama kama mwanafunzi aliyeulizwa swali jepesi mno. "Mwalimu, si nasoma kwanza mpaka mwisho? Siwezi peleka watu mahali mimi sijafika."

Baadaye niliacha ualimu, nikahamia Meru, nikaanza kuandika. Mwenye duka mmoja pale Kianjokoma alimwekea ukurasa wangu wa gazeti kila wiki, na riwaya niliyoisifu, binti yake aliyefanya kazi mjini Embu alimtafutia. Nilijivunia jambo hilo. Nilipoandika, mara nyingi niliwaona wale wanawake na vikapu vyao. Lakini kuandika kila wiki kunakula muda wa kusoma, na mtu huzoea haraka kuishi kwa sifa ya kusoma kuliko kwa kusoma kwenyewe. Siko peke yangu. Siku hizi tunapiga picha jalada, tunaandika "usikikose kitabu hiki," tunasifiwa kwa kusifia, na kitabu kinabaki na alama yake ukurasa wa ishirini. Miaka miwili iliyopita niliisifu hapa riwaya ya familia iliyohamia kando ya bwawa. Niliandika kwamba inakufanya ubane pumzi mpaka neno la mwisho. Hilo neno la mwisho sikuwa nimeliona. Nilikuwa nimesoma kurasa sitini na maelezo ya nyuma ya jalada.

Miezi michache baadaye mama huyo alikuja Meru kumwona ndugu yake, akapitia kwangu mtaa wa Majengo, akaniletea ndizi. Nikamchemshia chai. Alikaa, akashika kikombe kwa mikono miwili, akaniuliza, "Mwalimu, hiyo kitabu ya bwawa, ulimaliza?"

"Nilimaliza, mama."

"Mpaka mahali mtoto anaanguka kwa maji?"

"Mpaka mwisho," nikasema, na ndipo nilipopata habari kwamba kuna mtoto anayeanguka majini.

Akakiweka kikombe chini. "Basi ulijua," akasema. "Ulijua, na hukuniambia."

Kisha akanieleza bila kuinua sauti. Kwa kuwa mimi nilikisifia hivyo, mara hiyo moja hakungoja kukimaliza mwenyewe kwanza. Alikianza pale kituoni pamoja na wenzake, kila siku kipande. Na kati ya waliomsikiliza alikuwamo mama ambaye mwanawe alichukuliwa na mto, mtoto niliyemfundisha, ambaye mazishi yake nilihudhuria. Siku moja mgeni wangu alisoma jinsi mzazi anavyotembea kando ya maji akiita jina. Kabla hajafika mwisho wa ukurasa, yule mama alisimama, akaacha kikapu chake kimejaa majani, akaenda zake. Wengine wakamlaumu msomaji kwamba alikusudia. Kikao kikavunjika, na hakikurudi tena. "Siku hizi tunangoja lori hivyo tu, kila mtu na simu yake," akasema. "Sasa nakuuliza wewe, kwa sababu ulimjua mtoto. Kwa nini hukuniambia?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Neno lenyewe ni moja tu: sikukimaliza. Lakini mwenye safu ya vitabu anawezaje kutamka hivyo mbele ya mkulima aliyemaliza kila alichokianza? Niliona afadhali anidhanie katili kuliko ajue mimi ni mvivu. Nikamwongezea chai. Akanywa, akashukuru, akaenda kutafuta gari la kurudi Embu. Tulionana mara moja baada ya hapo, sokoni Kianjokoma. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za watoto, wala hakuniuliza asome nini. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikaribia miaka miwili, na kila wiki niliahidi nafsi yangu kwamba nitakwenda kumwambia.

Nilikwenda kumzika. Wasifu wake ulitaja chai, kikundi cha akina mama wa kanisa, watoto na wajukuu. Vitabu havikutajwa hata kwa sentensi moja. Binti yake aliniambia vimo ndani ya magunia mawili na amewauliza watu, hakuna anayevitaka. Baada ya maombi nilimwona yule mama aliyefiwa na mwana, amekaa peke yake kwenye ukingo wa shamba. Nikamwendea, nikamwambia yote: kwamba sikukisoma kitabu, kwamba marehemu hakukusudia, kwamba kosa lilikuwa langu.

Alinisikiliza huku akikunja na kukunjua leso yake. "Mimi naambiwa ya nini?" akauliza. "Najua huyu hakuwa na makosa. Alikuja kwangu mara tatu kuomba msamaha, na mara ya kwanza tu nilimsamehe. Ni yeye alikuwa hajatulia. Alikuwa anasema, mwalimu si mtu mbaya, pengine alisahau. Kila mara alikutafutia sababu." Akainuka, akakung'uta nyasi kwenye sketi. "Hii maneno ungeambia yeye."

Sina la kujitetea, na sitajifanya kwamba kuandika haya kunarekebisha chochote. Msomaji, anayekuuliza asome kitabu gani anakukabidhi siku zake kadhaa, na pengine jeraha usilolijua. Kama hukukifikisha mwisho, mwambie hukukifikisha. Utaona aibu jioni moja. Ukinyamaza, mwenzako ataibeba kwa niaba yako mpaka afe, akiwaambia watu kwamba wewe si mtu mbaya.