Ngoma Ilipovuka Korongo

Iko siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, nayo ni siku niliyojibu swali ambalo sikuulizwa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, hapa hapa Hombolo. Baba alitangulia, mama akamfuata, nikaachiwa wadogo watatu. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, nikaenda kupogoa mizabibu kwenye mashamba ya watu. Ukubwa ni jaa, wanasema, na mimi sikulalamika. Lakini mtu asiyelalamika naye hukosea, na kosa lake halionekani upesi kwa sababu limevaa nguo ya wema.

Mdogo wangu anayenifuata, Sechelela, miguu yake ilidhoofika akiwa mchanga, baada ya homa kali. Alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, aliyopewa kanisani. Alikwenda nayo kisimani, dukani, na kwa majirani kuchuma mlenda. Na mikono alikuwa nayo, mwanangu. Ukimwachia ndoo tupu, aliigeuza akaipiga mpaka kuku wakahama uani. (Nyumbani kwetu methali ya asiyesikia la mkuu kuvunjika guu tuliiacha zamani. Niliitamka siku moja, Sechelela akaniuliza yeye alikataa la mkuu gani.)

Sisi Wagogo, muheme ni ngoma ya wanawake. Mpigaji huibana kati ya mapaja akiwa amesimama, akaipiga kwa mikono huku mwili mzima ukicheza. Kikundi chetu kiliongozwa na Bibi Merina, mjane mwenye sauti ndogo ambaye hakuna aliyethubutu kumkatiza. Mazoezi yalifanyika jioni karibu na kwake, ng'ambo ya korongo. Korongo lile halina maji ila masika, lakini lina mchanga unaomeza mguu mpaka kifundoni, na baiskeli haipiti. Basi nilikuwa nambeba Sechelela mgongoni, msichana wa miaka kumi na tisa, namkalisha pembeni kwenye mkeka, namwachia kanga na ndala za wenzangu azilinde. Watu waliniambia nina moyo. Nikawaamini.

Baada ya majuma machache akasema hataki tena kwenda. Nikadhani amechoka jua.

Mwaka huo sikukuu ya mavuno ilipokaribia, mpigaji mmoja alijifungua, Bibi Merina akapungukiwa. Akaja kwetu. Tukamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda akamtazama Sechelela. Alisema amesikia ndoo inaongea tangu kule njiani. Kisha akamwuliza kama angekuja kumpigia muheme.

Kabla mdogo wangu hajafungua kinywa, nikajibu mimi. Nikasema hawezi kusimama, watu watamcheka, heri aachwe apumzike.

Bibi Merina hakunigeukia.

"Debora, mimi nimesema na nani?"

"Na Sechelela, bibi."

"Basi shika kata hiyo unywe maji, mdomo wako upate kazi."

Nikashika kata. Akamwuliza Sechelela tena, polepole, kitu gani kinamzuia. Nilijua atasema miguu. Nani asingejua?

"Mchanga, bibi," akasema. Akatazama mikono yake. "Na dada. Ananibeba kama gunia mbele za watu, halafu nalinda ndala. Nimechoka kulinda ndala."

Mwanangu, niliiweka kata chini. Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, na nisikufiche, sikulia kwa huruma. Nililia kwa hasira. Wachumba wawili niliwakataa kwa ajili ya wadogo zangu. Mgongo wangu ulikuwa na alama za kanga niliyomfungia. Leo mimi ndiye kizuizi?

Bibi Merina akanifuata, akasimama karibu yangu bila kunishika. Aliniambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwamba mimi nimekitandika kitanda cha mdogo wangu miaka yote bila kumwuliza kinamuumiza wapi. Halafu akasema neno ambalo sijalisahau: "Umembeba vizuri, mwanangu. Sasa mshushe."

Kesho yake mazoezi yalihamia upande wetu, kwenye kiwanja cha kupuria uwele, udongo mgumu kama sakafu. Wanawake wengine walinung'unika. Kumi na sita tuvuke mchanga kwa ajili ya mtu mmoja? Bibi Merina akauliza kama miguu wanayo au hawana. Wakavuka.

Nilitaka kutafuta fundi atengeneze kitu cha kushikilia ngoma, kumbe Sechelela alishafikiri yote. Alichana kitenge kikuukuu, akaifunga ngoma mapajani na kuikaza kwenye chuma cha kiti cha baiskeli yake. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, akashauri awekwe mbele peke yake, wageni wamwone, waguswe. Sechelela akakataa. Alisema anataka kukaa katikati ya wapigaji, aione mikono ya bibi.

Siku ya tatu akaharibu. Alipiga mbio, akawavuta wenzake wote. Bibi Merina akainua mkono, ngoma ikanyamaza.

"Sechelela, unakimbia. Nani anakufukuza? Rudia."

Watu wakacheka. Nikafungua mdomo kumtetea, kisha nikaufunga. Kwa maana nilimtazama usoni, mwanangu, na alikuwa anang'aa. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumkaripia kwa kazi aliyoiharibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa kazi inayoweza kuharibika. Akarudia. Akarudia tena. Siku ya mavuno alipiga katikati ya wenzake, na mgeni aliyetaka kumwonea huruma hakupata nafasi.

Miaka mingi imepita. Leo Sechelela ndiye anayefundisha mabinti muheme, na ni mkali kuliko Bibi Merina.

Sasa wewe unayeanzisha kikundi, cha ngoma, cha kwaya au cha maigizo, huko mjini Area D au kijijini, nisikilize. Usijenge jukwaa kwanza ndipo utafute namna ya kumpandisha mwenye baiskeli. Nenda naye mahali penyewe kabla hujapigilia msumari wa kwanza. Kama yuko asiyesikia, mkalimani wa lugha ya alama asimamishwe penye mwanga, si nyuma ya spika. Asiyeona aelezwe ni nani ameingia na amevaa nini, naye ni mtazamaji kama wewe. Usimwalike mtu apigiwe makofi ya huruma. Mpe kazi, na akiiharibu mwambie arudie. Na zaidi ya yote mwulize mwenyewe, si dada yake, hata kama dada yake anampenda sana. Hasa kama anampenda sana.

Mungu akupe subira ya kungoja mtu amalize kusema. Akupe wenzako wengi, na kila mmoja aje kwako kwa njia yake. Na nyumba utakayoijenga, mwanangu, isiwe na mtu wa kukaa pembeni. Amina.