Kaseti Yenye Doa la Mlenda

Jumapili iliyopita kijana mmoja wa mitumba aliniuliza swali ambalo nimelikwepa miaka mingi. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya turubai lake, mikono imezama hadi viwiko kwenye rundo la midoli isiyo na vichwa, rimoti zisizo na televisheni na chaja zisizo na simu.

"Mama, kila wiki unakuja, unapekua, unaondoka. Kwani unatafuta nini? Sema nikuwekee."

Nikamwambia natafuta kaseti ya gemu, zile za zamani, ya kijivu, yenye doa la kijani kwenye lebo.

"Ya mtoto?"

"Ya bibi yangu."

Akacheka. Nami nikacheka, ili asicheke peke yake, nikarudi zangu Nzuguni.

Wewe unanijua, mimi si mtu wa kutoka. Majirani wanasema ukiona mlango wangu umefunguliwa, ujue mkaa umeisha. Michango ya harusi natoa yote, ukumbini sionekani. Lakini kwa rundo la vitu vilivyotupwa na watu nisiowajua, navaa viatu na kupanda gari hadi mjini. Sasa ngoja nikueleze, maana yule kijana sikumaliza kumweleza.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa. Sisi tuliozaliwa kwenye foleni ya sukari tuliamka siku moja tukakuta sabuni za rangi tatu, baiskeli, redio, na mitumba barabara nzima. Mama yangu alikuwa muuguzi, akahamishiwa Mpwapwa. Mimi nikaachwa Dodoma mjini kwa ajili ya shule, na bibi akaletwa kutoka Mlali kuja kukaa nami. Mama alikuwa anakuja mwisho wa mwezi, anakaa siku mbili, ya kwanza ananikagua kichwa kama nina mba, ya pili anafunga mkoba.

Ili nisilie, aliniletea mashine ya gemu. Mzungu mmoja wa mradi wa maji alikuwa anarudi kwao, akatandaza vitu vyake barazani aviuze. Wenzake mama walinunua masufuria na magodoro. Mama alinunua ile mashine pamoja na televisheni ndogo ya nyeusi na nyeupe. Televisheni yenyewe ilikuwa inaonyesha chenga tu, tulikuwa tunaikodolea macho kama mtu anayetazama unga ukichekechwa. Kwa hiyo kazi yake ikawa moja. Mashine ilikuja na kaseti moja, nikaimaliza ndani ya mwezi, na hapo ndipo nilipoanza kuwinda.

Kulikuwa na muuza mitumba mmoja, mtu wa mjini hasa, kofia nyeupe iliyoshonwa kwa mkono, biashara kwao ilianza tangu enzi za misafara. Alikuwa anafungua belo la vitu vya watoto Jumamosi asubuhi, na akina mama walikuwa wanalirukia kwa ajili ya sweta na viatu. Mimi nilikuwa nasubiri vumbi litulie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Wenzio wanagombea gauni, wewe unachimba chini kabisa. Umezika nini humu?"

Kaseti zilikuwa zinakuja kwa bahati, labda moja katika mabelo matano, imejificha ndani ya soksi au chini ya dubu wa manyoya. Huwezi kuijaribu hapo. Unaipuliza, unaitikisa, unaichukua, na kuomba Mungu. Nyingine hazikuwaka kamwe. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na moja, na rafiki zangu wote jumla yao ilikuwa sifuri, kwa hiyo muda wa kupekua nilikuwa nao.

Siku moja nikapata ya kijivu yenye picha ya mtoto mwenye fimbo amesimama njia panda. Nyumbani ikawaka. Ilikuwa gemu ya kusafiri: unatembea msituni, unavuka mito, unaokota vitu, na ukichoka unahifadhi safari yako kwenye moja ya nafasi tatu, unaiandikia jina. Mbili zilikuwa tupu. Ya kwanza iliandikwa LENA.

Nilikaa nikilitazama jina hilo mpaka uji ukapoa. Mtoto mmoja huko Ulaya alikuwa amekaa kama mimi, sakafuni, akaandika jina lake, kisha kaseti ikatupwa kwenye belo, ikavuka bahari, ikafika kwangu na yeye akiwa bado yumo ndani. Nikafungua safari yake. Alikuwa amefika mbali mno, amesimama mbele ya mlango wa chuma kando ya mto, na mbwa mdogo amekaa miguuni pake. Sikugusa kitu. Nilijiwekea sheria: kutazama ruksa, kumsogeza marufuku, kwa sababu siku akirudi lazima akute kila kitu alivyokiacha.

Nikaandika jina langu chini ya lake, nikaanza kumfuata. Kila siku nikitoka shule nilikuwa nafungua kwanza kwake, namsalimu, namwambia mwalimu wa hesabu kanichapa, namwambia mama hakuja mwezi huu. Halafu nafungua kwangu, natembea. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: kufika kwenye ule mlango, nisimame alipo yeye.

Bibi alikuwa akichambua karanga mlangoni, akisikiliza. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza ukubwani, anakipanga neno kwa neno kama mtu anayejenga ukuta.

"Mjukuu wangu, unaongea na nani?"

"Na Lena."

"Mtoto wa nani huyo?"

"Wa Ulaya, bibi. Yumo humu."

Bibi akaacha karanga. Lazima ujue jambo moja kuhusu bibi. Kwake hakuna mtumba ulioingia mwilini bila kulowekwa kwa chumvi usiku mzima, kufuliwa kwa sabuni ya mche, kusuuzwa mara tatu na kuanikwa siku mbili. Hata mikoba. Mitumba yote watu walikuwa wanaiita kafa Ulaya, na wengine waliitamka kwa kucheka, lakini bibi hakuwa anacheka. Mwenye nguo amekufa, ndiyo maana imeachwa. Usipoifua vizuri, anakuja kuiulizia.

"Na hiki ulikifua?"

"Kaseti haifuliwi, bibi."

Akarudia karanga zake, na mimi, kwa akili zangu za darasa la tano, nikadhani tumeelewana.

Wiki iliyofuata nilikuwa nimebakiza mto mmoja tu kufika kwenye mlango. Nilikimbia kutoka shule. Kaseti haikuwepo kwenye mashine. Nikatafuta chini ya kitanda, jikoni, kabatini. Kisha nikatoka uani. Kwenye ungo, katikati ya majani ya mlenda yanayoanikwa, kaseti yangu ilikuwa imelala chali ikiota jua, inanukia sabuni.

Ilichukua siku mbili kukauka. Lebo yake ilibaki na doa la kijani lenye umbo la jani. Siku ya tatu nikaichomeka, na usiniulize vipi, ikawaka. Muziki uleule, mtoto yuleyule njia panda. Nafasi ya kwanza, tupu. Ya pili, tupu. Ya tatu, tupu.

Sikulia kwa sauti. Bibi alikuja akasimama nyuma yangu, anajifuta mikono kwenye kanga.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Basi vizuri. Mtoto wa watu hafungiwi ndani, mjukuu wangu. Kwao wanamtafuta."

Sikumsemesha hadi siku ya pili jioni. Ugali wa uwele nilikula, kugoma kula sijawahi kuweza, lakini nilikula nikitazama ukuta. Ndipo bibi alipoburuta kigoda chake akakiweka mbele ya televisheni, akakaa, magoti yanalia.

"Haya. Kama unataka mtu humo, niweke mimi."

Nikamwandika nafasi ya kwanza, jina lake la nyumbani, alilopewa kwa sababu alizaliwa mwaka wa njaa. Hakujua kusoma, akaniuliza ipi ni yeye, nikamwonyesha, akaligusa jina kwa kidole kwenye kioo. Alikuwa mchezaji mbovu kuliko wote niliowahi kuwaona. Aliingia mtoni akazama mara tisa, akilaumu viatu. Alikataa kuokota vitu njiani kwa sababu si vyake. Lakini kila jioni alikuja, umeme ukiwepo, na alifika hadi kijiji cha kwanza, akasema hapo panatosha, watu wake wanaonekana wema. Tukamhifadhi hapo, kando ya kisima. Mimi ule mlango sikuufikia tena. Hamu iliisha.

Ningependa kukwambia kaseti hiyo ninayo. Nilipoingia sekondari nikajiona mkubwa. Yule mzee wa kofia alikuwa anakubali kubadilishana, nikampelekea, nikarudi na gemu ya mbio za magari. Jioni bibi akaburuta kigoda chake.

"Mimi niko wapi leo?"

"Nimekubadilisha na gari, bibi."

"Gari zuri?"

"Zuri."

"Haya. Ilimradi huko nilikokwenda wanifue kwanza."

Akacheka hadi akakohoa, kisha akakirudisha kigoda jikoni. Hakukileta tena, na mimi sikumwita. Nilikuwa kidato cha pili wakati anafariki, na gemu ya magari ilikuwa imeharibika siku nyingi.

Mzee wa kofia naye hayupo, na pale alipokuwa anafungulia belo wanauza vifuniko vya simu. Mwaka juzi nilimuuliza fundi mmoja wa Kizota, mtu wa redio na televisheni, kama jina linaweza kukaa ndani ya kaseti miaka yote hiyo. Akaniambia kuna betri ndogo mle ndani, kama ya saa, na ilishakufa zamani. "Hata ukiipata, mama, itakuwa tupu." Alisema kwa upole, kama daktari.

Nilimshukuru, na Jumapili iliyofuata nilikuwa nimechuchumaa kwenye turubai. Nikiipata siku moja sitaichomeka, mashine yenyewe sina. Nitailoweka kwa chumvi, niifue kwa sabuni ya mche, niisuuze mara tatu. Ungo ninao. Nitaianika siku mbili.