Tulivyopima vyama kwa kamba ya nguo Umoja, na swali la Nekesa nililolicheka

Wakuu, salamu kwenu, wazee kwa vijana.

Nimesoma mabishano yenu humu, chama kipi kiko kushoto na kipi kulia. Nimeuona na ule mchoro wa mstari mmoja wenye nukta nyingi. Nilicheka kidogo, maana mstari kama huo niliwahi kuwa nao. Ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, na nilipokosea sitapapaka rangi.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya themanini. Nilikuwa karani wa stoo Industrial Area, kule kwenye viwanda vya Nairobi. Nilipanga chumba mtaa wa Umoja, katika zile nyumba ambazo mwenyewe aliongeza vyumba nyuma hadi ua ukabaki wa kutosha kamba ya nguo tu.

Kamba ilikuwa moja kwa wapangaji wote, kila mtu na siku yake ya kuanika. Mimi na Nekesa siku yetu ilikuwa Jumamosi.

Nekesa alikaa mlango wa pili kutoka kwangu. Kwao Bungoma, kazi yake kushona kola katika kiwanda cha mashati. Tulikuwa tumekubaliana kuoana. Wazee wangu walingoja mavuno tu waende kwao kuposa.

Nguo zikikauka tunazianua, tunawasha redio, tunaanza kupima.

Nchini kwetu chama kilikuwa kimoja, hakuna cha kukilinganisha nacho. Kwa hiyo tulipima vya ng'ambo tulivyovisikia kwenye habari. Kila chama tulikipa kibanio cha nguo, vile vya mbao vya soko la Gikomba. Upande wa choo ulikuwa kushoto, upande wa lango kulia. Msiniulize kwa nini choo kilipewa kushoto.

Maswali niliyatunga mimi, kwa vile nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Viwanda viwe vya nani? Bei ya unga ipangwe na nani? Hospitali ilipiwe na nani? Jibu likiwa serikali, kibanio kinasogea shubiri moja kushoto. Likiwa mfanyabiashara, kinarudi kulia.

Siku moja Mama Wairimu, mwenye nyumba, alitukuta.

"Kamau, hivyo vibanio vinaanika nini? Hewa?"

"Tunapima vyama, mama."

"Vya wapi?"

"Vya ng'ambo."

"Basi pimeni pole pole. Na chetu msikitundike kwa kamba yangu."

Akatazama lango, akaingia ndani. Waliokuwepo enzi hizo wanajua aliogopa nini: neno moja baya juu ya chama kile lingeweza kukufunga.

Mimi pia nilijipa kibanio. Nilikiweka mbali kabisa kushoto, karibu kigonge mlango wa choo. Nilijiona mtu wa wafanyakazi.

Halafu ikaja Jumamosi moja. Nekesa alikuwa akifua, nguo zake na zangu, kama ilivyokuwa tangu tuchumbiane. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye stuli na redio. Akaniambia wenzake kiwandani wamemchagua awasemee mbele ya mameneja, na chama cha wafanyakazi kinataka kumpeleka Kisumu kwa mafunzo ya miezi kadhaa.

Nikamwambia akatae. Nikasema mke wangu hatasimama akibishana na wanaume, na tukishaoana kazi yenyewe ataiacha.

Alikuwa ameshika shati langu, linachuruzika maji.

"Si wewe uko kule kwa choo? Mtu wa wafanyakazi?"

"Ile ni siasa, Nekesa. Hii ni nyumba."

"Sawa. Basi ongeza swali moja kwa kipimo chako. Nani anafua hizi nguo?"

Nilicheka. Nilicheka kweli, wakuu. Nikamwambia hilo si swali la vyama.

"Basi kamba yako ni fupi," akasema.

Akakichomoa kibanio changu, akatembea nacho taratibu hadi upande wa lango, akakibana pale mwisho. Akarudi, akaniwekea lile shati mkononi.

"Anika."

Nikalitupa kwenye karai, nikaingia chumbani kungoja aje kuniomba msamaha.

Hakuja. Jioni alisimama mlangoni pangu, akasema, "Kesho nafunga mizigo. Ukitaka tuongee, mimi niko." Ilikuwa hatua chache tu, mlango wa pili. Sikwenda. Niliona nikienda nitakuwa nimeshindwa.

Wazee hawakusafiri. Baadaye nilisikia kwamba aliwasemea wenzake miaka mingi, na kwamba mameneja walimheshimu. Kama aliolewa, sijui. Sikuthubutu kuuliza.

Kwa hiyo vijana, mstari wenu utapima kile mlichouliza tu. Chama kinaweza kuwa kushoto kwa unga na hospitali, na kulia kabisa kwa wanawake wake wenyewe. Mtu pia. Kabla ya kuweka nukta, angalieni maswali ametunga nani, na nani alikuwa amekaa kwenye stuli akiyatunga.

Siku hizi nafua mwenyewe. Jumamosi bado naiona kama siku yetu, na masikio yangu bado yanasubiri mlango wa pili ufunguke.

Nyinyi mngeongeza swali gani kwenye kipimo? Andikeni, nasoma yote.

Na kama humu kuna mtu ambaye mama au shangazi yake ni Nekesa aliyeshona kola Nairobi zamani hizo, sitaki namba yake. Mwambie tu kwamba lile shati nililianika. Ila alikuwa ameshaondoka.