Mwanamume wa Njia ya Biharamulo

Enzi za Mwingereza, wakati mume wangu amekwenda Buganda kulima pamba ili apate kodi ya kichwa, niliitwa niende kijiji cha Nyamigogo, kwa njia ya Biharamulo. Dada yangu alikuwa karibu kujifungua, na mtoto wake wa kwanza alikuwa amemfia tumboni. Hapakuwa na mtu wa kunisindikiza. Nikatoka Bukiriro peke yangu, kikapu cha unga kichwani.

Siku ya kwanza nililala kwa jamaa. Siku ya pili, katikati ya pori, nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Alikuwa mwanamume wa makamo, kaptura ya kaki, fimbo mkononi. Aliniuliza kwa Kiswahili ninakwenda wapi. Nikamwambia kaka zangu wako nyuma, wanakata kuni.

Akatabasamu. "Nimetoka huko huko nyuma. Sikuona mtu."

 Niliinama kama ninayetoa mwiba mguuni ili apite. Akapita, lakini mbele kidogo akasimama chini ya mti, akanisubiri. Kurudi kulikuwa kulipita pori lote tena, naye ana mbio kunishinda. Nikampita, naye akanifuata nyuma. Nilisikia nyayo zake tu. Nikipunguza mwendo, naye anapunguza.

Pori lilipofunguka nikaona shamba la mtama kando ya nyumba, na mwanamke mtu mzima anapalilia. Sikuwa nimepata kumwona maishani. Niliacha njia, nikamwendea moja kwa moja, nikamwamkia kwa Kiswahili ili yule nyuma asikie.

"Shikamoo, mama. Nimefika."

Alinitazama, kisha akamtazama mwanamume. Nikadhani nimekwisha.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Mbona umechelewa? Baba yako na kaka zako wako ndani, wanakungoja."

Mwanamume akaomba maji. Mama akampa kwenye kibuyu, jembe hakuliachia. Alikunywa polepole huku akiuangalia mlango wa nyumba. Kisha akarudisha kibuyu, akashika njia.

Tulipoingia ndani, hapakuwa na baba wala kaka. Palikuwa na kitanda kimoja na mbuzi. Mama yule alikuwa mjane, anaishi peke yake. Alisukuma kinu mlangoni, akaketi juu yake.

"Nilipokuona," akaniambia, "nilitaka nikufukuze. Nilijua unaniletea balaa."

 Nilimsaidia kumenya ndizi, na kila jani lilipotikisika nje sote wawili tuliacha visu.

Asubuhi alinipeleka mpaka kwa wanawake waliokuwa wakibeba vyungu kwenda gulioni, akawaomba wanichukue. Nilitembea katikati yao. Hata hivyo niligeuka nyuma mara kwa mara, mpaka mmoja akaniuliza nimeangusha nini.

Nilimkuta dada amejifungua mtoto wa kike, mzima, analia kwa nguvu. Alipoona ninampokea mtoto huku nikiangalia mlango, akaniuliza nina nini; nilimwambia ni njaa.